Kopo la Manjano

Mama yangu alipoanza kutembea bila fimbo, nilijisifu sana. Nilijisifu kwa majirani zangu wa Kahororo, hapa Bukoba, nikajisifu kwenye chumba cha walimu, nikajisifu hata nje ya kanisa, mahali ambapo mtu hutakiwa kumshukuru Mungu kwanza. Nilikuwa nimempelekea vidonge vya manjano, kile kiungo cha kupikia, na magoti yake, yaliyomtesa miaka mingi, yalikuwa yamekubali kukunjika. Sitaki kusema uongo: yalikubali kweli. Hilo ndilo lililoniponza.

Lazima niseme pia kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Kila mwaka nachora ini ubaoni, naligonga kwa chaki, nawaambia wanafunzi: kila mnachomeza kinapita hapa, kiwe ugali, kiwe dawa, kiwe gongo. Kwenye gongo wanacheka. Na mimi nacheka nao, halafu nafuta ubao naenda nyumbani.

Kopo lenyewe nililipata kwa mama mmoja tunayeimba naye kwaya, anayeuza vitu hivyo sebuleni kwake Hamugembe. Makopo ameyapanga kabatini, pale ambapo wengine huweka vikombe vya wageni. Alinieleza kwamba hayo si manjano ya kupikia tu. Yamekamuliwa nguvu yake, yakachanganywa na pilipili manga ili mwili uyapokee haraka. Yanafaa magoti, akasema, yanafaa tumbo, moyo, sukari, usingizi. Mganga wa kienyeji angeniambia dawa yake inafaa kila kitu, ningemcheka. Lakini hili lilikuwa kopo jeupe, safi, lenye maandishi madogo ya kisomi, na manjano nayajua tangu utotoni. Nikachukua mawili, langu na la mama. Mtu akinitania nilikuwa na jibu tayari: nani amewahi kuzikwa kwa sababu ya mchuzi wa manjano?

Mama anaishi Muleba, ndani kidogo kutoka barabara kubwa, kwenye kibanja alichokiacha baba. Kuna migomba, kahawa na nyumba mbili, ya kwake na ya mdogo wangu wa kiume na mkewe. Nilifika Jumamosi moja ya Septemba nikamkuta amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, anamenya ndizi za mchana. Nikampa kopo kwa mikono miwili. Akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuzageuza.

"Ni dawa hii, mwalimu?" Tangu nilipoajiriwa ananiita mwalimu, nusu kwa fahari, nusu kwa utani; mimi namwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya.

"Si dawa, Mawe. Ni chakula. Manjano tu haya."

"Chakula cha kuhesabu?"

"Viwili kila siku, baada ya kula. Vitakufikisha Krismasi. Usiache katikati, maliza kopo lote."

Hilo la mwisho sijui nililitoa wapi. Nadhani ni mazoea ya kuwahimiza wanafunzi wagonjwa wamalize dozi. Mama alifungua mfuniko, akaufunga, akaufungua tena, akausikiliza unavyokaza. "Kopo zuri hili," akasema. "Linafunga kweli kweli." Nilidhani ananitania, nikaenda kumsalimu wifi yangu jikoni.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi tupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli hurudi na ndizi mbivu, au karanga, au chumvi kidogo kama nyumba haina kitu. Anayerudisha chombo kitupu husemwa, na mama yangu hajawahi kusemwa. Nimekua nikitumwa huku na huku na mabakuli yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Hata siku moja sikufikiri kwamba kopo la plastiki kutoka Hamugembe nalo lingehesabiwa kuwa chombo.

Oktoba wifi alinipigia simu kuniambia mama ameenda kanisani kwa miguu, fimbo ameiacha nyuma ya mlango. Nililia kwa furaha. Ndipo nilipoanza kujisifu.

Novemba, Jumatano moja, akanipigia tena.

"Wifi, mama hataki kahawa."

Asiyekujua kwetu atauliza kuna nini hapo. Nazungumzia kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani na kukaushwa, anazopewa mgeni kabla hajaulizwa habari. Mama anazo mdomoni tangu usichana wake. Wakati wa msiba wa baba alikataa chakula siku mbili, lakini kahawa alitafuna.

"Anasema zinamtia kichefuchefu," wifi akaendelea. "Na macho yake yamekuwa ya njano."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ni rangi ya manjano yako inatoka. Eti ukipikia manjano vidole vinakaa na rangi siku mbili, sembuse mtu anayeyameza." Akacheka kidogo. Alikuwa ananisubiri mimi, msomi wa familia, nicheke au nisicheke.

Nilijua. Nataka hilo lieleweke. Mtu mwingine yeyote angeniambia habari ya macho ya njano, ningemwambia mpeleke hospitali leo hii, usisubiri hata chai. Lakini kama hayakuwa macho ya rangi, basi yalikuwa macho ya ugonjwa, na mkono uliopeleka ugonjwa ulikuwa wangu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Huenda ni hivyo. Tusubiri kidogo tuone."

Tulisubiri siku mbili. Sijawahi kuogopa namna ile. Darasani nilifundisha mimea, ingawa zamu ilikuwa ya mmeng'enyo wa chakula. Kila nilipopata nafasi niliingia chooni na kioo kidogo cha pochi, nikavuta kope la chini, nikatazama macho yangu, maana nami nilikuwa nameza vidonge vile vile. Yalikuwa meupe. Badala ya kufurahi, niliogopa zaidi: kama ingekuwa rangi tu, nami ningekuwa nayo.

Ijumaa jioni wifi alisema mkojo wa mama umekuwa kama chai ya rangi, na anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Asubuhi yake nilikuwa Muleba kabla umande haujakauka. Mama alikuwa kitandani, jambo ambalo sijawahi kuliona jua likiwa limetoka. Aligeuka akanitazama, nami nikaona rangi ambayo huwa naieleza tu kwa maneno. Nikashika ukingo wa mlango.

"Mwalimu," akasema, anatabasamu. "Umefuata kopo? Subiri kwanza, halijawa tayari."

Sikumuuliza ana maana gani. Tulitafuta gari, tukampeleka Bukoba, mimi na mdogo wangu tumemkalisha katikati. Njia nzima alitapika maji ya kijani kwenye beseni, na kila alipomaliza aliniomba radhi.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, mpole. Alipoandika habari zetu na kusikia kazi yangu, uso ukamkunjuka. "Mwalimu wa baiolojia! Basi tutaelewana vizuri." Akamgeukia mama, akamuuliza kwa Kihaya kisha kwa Kiswahili kama kuna dawa yoyote anayotumia, ya hospitali, ya dukani au ya kienyeji.

"Hapana, waitu," mama akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Ninakula tu chakula cha mwanangu."

Daktari akatabasamu, akaandika: hakuna. Nilikuwa nimesimama pale, mkoba umenining'inia begani, na ndani ya mkoba kopo langu mwenyewe. Sikufungua mdomo. Nilijiambia wapime kwanza malaria, wapime virusi vya homa ya ini, huenda ni kitu kingine kabisa. Niliomba iwe kitu kingine. Fikiria mtoto anayemwombea mama yake ugonjwa, mradi tu usiwe ule alioleta yeye.

Malaria haikuwepo. Mchana majibu ya virusi yakatoka, navyo havikuwepo. Mdogo wangu alinifuata kwenye korido, kofia ameikunja mkononi. "Dada, wewe ndiye unayejua mambo haya. Unaona nini?"

"Tusubiri majibu mengine," nikamwambia. Hakukuwa na majibu mengine.

Jumapili asubuhi nilimpelekea mama uji. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniita kwa jina la dada yake, ambaye tulimzika mimi nikiwa darasa la tano. Akaniuliza kama ng'ombe wa baba wamerudi. Nikamwambia, "Ni mimi, Mawe. Ni mwalimu." Akasema, "Mwalimu gani? Wewe hukusoma." Akanipigapiga mkono, akanihurumia kwa kutosoma kwangu.

Niliuacha uji pale pale. Ini likishindwa kazi, sumu hupanda kichwani, mgonjwa huanza kupotea hata kabla hajafa. Hayo nayafundisha. Nilikimbia ile korido, mimi mtu mzima na gauni la kanisani, nikamkuta daktari anavaa koti lake, nikamwekea kopo langu mezani.

"Anameza haya. Nilimpa mimi. Jana nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza."

Nilitaka anigombeze. Nilitamani hata anipige. Alichukua kopo akasoma yale maandishi madogo, polepole, mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya.

"Ngapi kwa siku?"

"Viwili."

"Una uhakika ni viwili?"

"Nilimwambia viwili."

"Sijauliza ulimwambia vingapi, mwalimu. Nataka kopo lake, nihesabu vilivyobaki." Kisha akanitazama macho, kama nilivyokuwa ninajitazama chooni. "Na wewe unameza? Acha leo. Tutakupima pia."

Nilimpigia wifi simu, nikamwambia aje na kopo la mama, chochote atakachokikuta ndani asikiguse. "Sawa, wifi," akasema. "Nitalileta lilivyo."

Alifika mchana, kopo amelifunga kwenye kitenge. Etiketi haikuwepo. Ilikuwa imelowekwa na kusuguliwa mpaka plastiki ikang'aa. Daktari akakaza mkono, akafungua mfuniko, na senene wawili watatu, wale panzi wetu wa msimu, wakachomoka juu wakadondoka kwenye karatasi zake. Kopo lilikuwa limejaa mpaka shingoni: senene waliokaangwa vizuri, rangi ya dhahabu, wana kitunguu na chumvi. Chumba kizima kikanukia jikoni kwa mama. Daktari, naye mtoto wa huku huku, akabaki ameshika mfuniko.

"Vidonge viko wapi?" nikauliza.

"Alivimaliza," wifi akasema. "Senene walipoanza kushuka alisema kopo linachelewa kuisha, senene hawatalisubiri mpaka Krismasi. Akawa anameza vinne. Kisha asubuhi vinne, jioni vinne. Mimi nikamwambia, mama, tuvimwage kwenye bakuli, kopo uchukue. Akakataa. Akasema, mwalimu alisema nimalize."

Akaanza kulia. Akasema mama alikuwa anaamka alfajiri kuokota senene kwenye nyasi na kanga imelowa mpaka magotini, tayari anaumwa, tayari anajikuna. Akikatazwa alisema kopo hili linafunga sana, senene hawatalainika njiani, watamfikia mwalimu wakiwa bado wanalia menoni.

Nililielewa jambo lote hapo nilipokuwa nimekaa. Mama yangu ni wa kizazi ambacho wanawake waliokota senene, wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga, na hawakuonja. Walikuwa wa wanaume. Alimwokotea baba tangu alipokuwa bibi harusi, na mimi nilipozaliwa aliapa kwamba wa kwake atakula. Kila msimu ananiletea wa kwanza. Sasa nilikuwa nimempa kopo bora kuliko yote aliyowahi kuwa nayo, nikalijaza kitu, nikamwambia akimalize chote.

Daktari alikusanya wale walioanguka, akawarudisha koponi mmoja mmoja, akafunga, akanikabidhi. "Siwezi kuapa kwamba ni haya peke yake," akasema. "Wapo wanaomeza, magoti yakapata nafuu, basi, yakaishia hapo. Na wapo wachache ambao ini linakataa, hasa haya yaliyoongezwa nguvu, na hasa yakizidishwa. Asiyaguse tena; tunamwangalia, tunapima tena. Ini ni vumilivu, mwalimu. Lakini unajua lina mwisho."

Najua. Siku zilizofuata sikujua kitu kingine. Nililala Kahororo na kuamkia wodini. Niliogopa simu, niliogopa kimya cha simu. Niliogopa msiba, na katika msiba niliogopa zaidi wale wanawake watakaokaa kwenye majani makavu ya migomba wakiulizana kwa sauti ya chini mgonjwa alikuwa anakula nini. Zaidi ya yote niliogopa kwamba angekufa akinishukuru, maana kila alipopata akili yake vizuri alimwambia muuguzi, "Huyu ndiye aliyeniponya magoti."

Mdogo wangu nilimwambia mwenyewe. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akarudi baada ya muda na chupa mbili za maji, moja akanipa mimi. Mpaka leo hatujalizungumza tena.

Siku ya nane nilipoingia, mama alikuwa amekaa. "Hapa hawana kahawa?" akauliza, amekasirika. "Mgonjwa atapona vipi mdomo mtupu?" Nilitoka mbio kumwita daktari kana kwamba mama amefufuka. Viwango vya ini vilivyokuwa vimepanda vikaanza kushuka. Havikushuka haraka, lakini vilishuka.

Alipopata nguvu za kugombana nilimuuliza. Nilikuwa nimejizuia nisimuulize, nikashindwa. "Mawe, ulipoanza kuumwa tumbo, ulipoanza kutapika, kwa nini hukuacha?"

Alinishangaa. "Mwana wange, kitu umekibeba kutoka mjini, umenishikisha kwa mikono miwili, mimi nikiache?" Akafikiri kidogo. "Mara ya kwanza nilidhani ndivyo kinavyofanya kazi. Mara ya pili nilijua hapana. Lakini kilikuwa kimebaki kidogo." Kisha akainua uso. "Senene umekula?"

Sikuwa nimekula hata mmoja. Kopo lilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya mkoba wangu. Nikalitoa, nikala mbele yake, huku machozi yananitiririka na pua inanivuja, na yeye ananihesabia kama nilivyokuwa nikimhesabia vidonge.

"Ni watamu?"

"Watamu, Mawe."

"Bado wanalia menoni?"

"Wanalia."

Amerudi Muleba. Macho yake ni meupe, au meupe kwa kadiri ya macho ya mtu wa umri wake. Magoti yamerudia maumivu yao na fimbo imetoka nyuma ya mlango. Nikipiga simu naisikia inagonga sakafu anapokuja kupokea, na sauti ile inanifurahisha kuliko nyimbo. Mimi nilipimwa, ini langu halina neno. Vidonge vyangu vilivyobaki nilivitupa chooni. Yule mama wa kwaya nilimweleza yote, akasikitika sana, akasema, "Lakini alizidisha, dada." Ni kweli, alizidisha. Jirani yake pale Hamugembe anameza hivyo hivyo, yuko mzima, anapanda kilima. Sina la kumbishia. Nilipofika kwenye somo la ini mwaka huu nilichora kama kawaida, nikaligonga kwa chaki, ila kwenye gongo sikucheka.

Tatizo lililobaki ni kopo. Mwezi uliopita mama alipiga simu mwenyewe. "Mwalimu, lile kopo linalofunga vizuri, umelifanyia nini? Nilitaka liwe kwangu kabla ya msimu." Nikamwambia nitalileta Jumamosi. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba haliwezi kwenda tupu.

Nilienda nalo sokoni. Nikasimama kwenye karanga, nikafikiria ukungu. Nikasimama kwenye sukari, nikafikiria umri wake. Majani ya chai, dagaa wa ziwani, unga wa uji wenye mchanganyiko wa mambo saba, yote niliyaangalia, na kila kimoja nilimwona mama amekishika kwa mikono miwili, anakimaliza. Muuzaji mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nilinunua chumvi. Nyumbani nililiosha kopo, nikalikausha, nikaimimina. Kabla sijafunga mfuniko nilichota kidogo kwa kidole, nikalamba, nikavuta kiti, nikakaa kusubiri kwanza nione.